Papa Topo anajibu: Misumari ya dari na njia ya chembe

Barua za mwezi huu zimenifurahisha kuliko zote za mwaka. Binti mmoja wa Katuba aliuliza, wengine wakaja nyuma yake, na mimi nikaamua kuweka kando maswali ya mipaka ya parseli ili ukurasa wote uende kwenye jambo moja. Wenye viwanja mnivumilie, nitawajibu toleo lijalo. Kwa anayefungua ukurasa huu mara ya kwanza: nimekuwa topografu wa migodi miaka 26, mingi yake chini ya ardhi, na sasa ninafundisha upimaji hapa Lubumbashi. Fizikia ya chembe sikuajiriwa nayo. Naipenda tu, na ninaisoma kwa macho ya mpimaji.

Papa Topo, jambo sana. Ninasoma mwaka wa sita wa sekondari, Hesabu na Fizikia, hapa Katuba. Mwalimu alitueleza kwamba kuna mpango wa mashine ya kilometa 20 zilizonyooka, chini ya milima ya Japani, ya kugonganisha elektroni. Kwa nini isizunguke kama ile ya Geneva? Na chembe ndogo kuliko atomu wataionaje? Ni mikroskopu ya namna gani hiyo?

Jambo, mwanangu. La kwanza si refu. Elektroni ni nyepesi sana, protoni inaizidi uzito mara 1,836. Chembe nyepesi yenye chaji ukiilazimisha kukata kona, inatoa mwanga na kupoteza nishati, na ukiipa nishati mara mbili, hasara ya kila mzunguko inakuwa mara 16. Katika handaki lile lile la kilometa 27 la Geneva, kwenye maabara ya CERN, kabla ya mashine ya sasa ya protoni, ilikuwemo mashine iliyoitwa LEP, iliyozungusha elektroni hadi mwaka 2000. Mwishoni kila elektroni ilikuwa inapoteza karibu asilimia 3 ya nishati yake kwa mzunguko mmoja tu. Ukinyoosha njia, hasara hiyo inaondoka, ila unabaki na nafasi moja: elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya) zikikosana, zimekwenda. Dunia imewahi kuwa na kigonganishi kimoja tu cha namna hiyo, SLC cha Stanford kule California, kilichofanya kazi kuanzia 1989 hadi 1998. Huo wa Japani unaitwa ILC. Usanifu wake wa kina ulichapishwa 2013, milima ya Kitakami ikapendekezwa, na hadi leo handaki halijachimbwa. CERN nako wana mpango wao, CLIC, unaoanzia kilometa 11.

La pili ndilo lililoniweka macho usiku. Mikroskopu hakuna, mwanangu. Chembe yenyewe haionekani na haitaonekana. Kinachopatikana ni mahali ilipopita.

Nikupeleke kwanza kwenye mgodi. Chini kule hakuna jua, hakuna mlima wa kulenga, na taa ya kichwani inakuonyesha mita chache tu. Sisi tulikuwa tunatoboa tundu dogo kwenye dari la galeri, tunagongelea kigingi cha mbao, kwenye kigingi tunapiga msumari, na kwenye msumari tunaning'iniza timazi. Mita 20 mbele, msumari mwingine. Galeri nzima sikuwahi kuiona kwa macho hata siku moja. Niliona ncha ya timazi ikitulia, nikasoma pembe na umbali, nikaandika. Jioni, ofisini, misumari ile ikawa nukta kwenye karatasi, na nukta zikawa galeri yenye kona na mteremko wake.

Kigunduzi cha njia za chembe kinafanya hivyo hivyo, tofauti ni kwamba misumari inapigwa na chembe yenyewe. Ikipita kwenye gesi au kwenye kipande chembamba cha silikoni, inang'oa elektroni kutoka kwenye atomu inazozipitia. Kazi ya kigunduzi ni kuzikusanya elektroni hizo na kusema: hapa, na hapa, na hapa.

Kwa ILC kuna vigunduzi viwili vilivyosanifiwa, na vinatofautiana kama wapimaji wa shule mbili. Cha kwanza, ILD, katikati yake kina pipa kubwa la gesi, nusu-kipenyo chake karibu mita 1.8. Elektroni zilizong'olewa zinasafiri polepole kuelekea kwenye vifuniko vya pipa. Mahali zinapotua panakupa vipimo viwili, na muda zilioutumia njiani unakupa cha tatu. Wazo hilo ni la Mmarekani David Nygren, la miaka ya 1970, na kila nikilifikiria navua kofia: mtu amechukua saa akaifanya rula! Njia moja ya chembe inaweza kuacha humo nukta 220 hivi. Cha pili, SiD, hakina pipa la gesi. Ni silikoni tupu, tabaka chache tu, lakini kila nukta yake imepimwa kwa usahihi mkubwa zaidi na sumaku yake ni kali zaidi, tesla 5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) badala ya 3.5 za ILD. Mimi ni mtu wa nukta nyingi. Nukta chache, hata zikiwa safi namna gani, zikiharibika mbili umepotea. Wenye SiD wana hoja zao, na ni hoja nzito.

Sumaku ni ya nini? Bila sumaku chembe ingekwenda moja kwa moja na usingejua lolote kuhusu nguvu ya mwendo wake, ile wanayoiita momentamu. Ndani ya sumaku njia inapinda. Ya chaji chanya inapinda upande huu, ya chaji hasi upande ule, na yenye momentamu ndogo inapinda zaidi. Fomula yake iandike kwenye daftari lako: momentamu kwa GeV (kipimo chao cha nishati na cha momentamu) ni 0.3 mara tesla mara nusu-kipenyo kwa mita. Chembe ya GeV 1 ndani ya tesla 3.5 inachora duara la nusu-kipenyo cha sentimita 95, jicho linaona kabisa. Sasa chukua chembe ya GeV 100. Nusu-kipenyo kinakuwa mita 95, nawe unaona kipande cha mita 1.5 tu cha duara hilo. Nyoosha uzi kutoka mwanzo wa kipande hadi mwisho, kisha pima pale katikati njia imeuacha uzi kwa kiasi gani. Ni milimita 3 hivi. Na wanataka kuijua momentamu hiyo kwa kosa lisilozidi 2 kwa 1,000, yaani ule mkunjo wa milimita 3 uupime kwa kosa la maikromita 6 (maikromita 1,000 ni milimita moja). Unywele wa kichwani mwako ni mnene kuliko hapo mara kumi.

Kwa nini wajisumbue kiasi hicho? Kwa sababu ya Higgs, ile chembe iliyotangazwa Geneva tarehe 4 Julai 2012. Elektroni na positroni zikigongana kwa GeV 250, mara nyingine zinazaa chembe nzito iitwayo Z pamoja na Higgs. Z inaweza kugawanyika kuwa muoni mbili, ndugu wazito wa elektroni, na muoni zinaacha njia safi sana. Nishati ya mwanzo unaijua. Ukizipima zile muoni mbili vizuri, unatoa, na kinachobaki ni cha Higgs. Umeipima Higgs bila kuitazama, bila hata kujali imegawanyika kuwa nini! Mpimaji yeyote aliyewahi kupata urefu wa ukuta asioweza kuufikia, kwa kupima pande nyingine, ataelewa furaha yangu. Kwenye mashine ya protoni huwezi kutoa hivyo, kwa sababu protoni ni mfuko wa vitu vingi na hujui ni kipi kati yake kilichogonga wala kilibeba nishati kiasi gani.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Chombo cha kupimia kinamsumbua anayepimwa. Chembe ikipita kwenye silikoni nene inayumba, na njia unayoipima inakuwa imeharibiwa na kipimo chako mwenyewe. Kwa hiyo tabaka za ndani kabisa, zinazoanza milimita 16 tu kutoka kwenye mstari wa mgongano, wanazikwangua hadi unene wa maikromita 50. Lakini silikoni nyembamba inahitaji umeme, umeme unaleta joto, joto linadai mabomba ya maji, na mabomba nayo ni uzito. Hapo muundo wa mashine yenyewe ukawasaidia. Elektroni za ILC zinakuja kwa misafara 5 kila sekunde, kila msafara una mafungu 1,312, na wote unapita kwa muda usiofika hata milisekunde moja. Baada yake ni kimya cha karibu milisekunde 199. Basi wanazima umeme wa vigunduzi wakati wa kimya na kuuwasha msafara unapofika. Joto linapungua kiasi kwamba tabaka zile za ndani zinatosheka na upepo wa hewa, na mabomba hayahitajiki.

Papa Topo, mimi ni mwanafunzi wa informatika, niko Kampemba. Nimesikia hao watu wana programu za kigunduzi kabla ya kigunduzi chenyewe kuwepo. Programu ya kitu ambacho hakipo inafanya kazi gani? Na mtu wa hapa mwenye kompyuta ya kawaida na megabaiti za kununua anaweza kuigusa?

Ndugu mwanafunzi, inafanya kazi kubwa kuliko kama kigunduzi kingekuwepo. Huwezi kujenga pipa la gesi la ukubwa ule, ukagundua limekosewa, ukajenga lingine. Kwa hiyo wanalijenga kwanza kwa namba. Programu ya DD4hep inaeleza kila kipande cha kigunduzi: kimewekwa wapi, ni cha nini, kina unene gani. Geant4 inaipitisha chembe ndani yake, hatua kwa hatua, ikiyumba na kung'oa elektroni kama ingekuwa kweli. Matokeo yanaandikwa kwa muundo mmoja wa data uitwao LCIO, ulioanza mwaka 2003 kati ya watu wa Hamburg na wa Stanford. Huo muundo mmoja usiudharau. Nimefanya kazi mahali ambapo migodi miwili jirani ilikuwa na sifuri mbili tofauti za ramani, na kila mtu alikuwa sahihi kwenye karatasi yake. Baada ya hapo inakuja Marlin, programu yenye vipande vidogo vidogo: kimoja kinatafuta njia, kingine kinapima mkunjo wa kila njia, kingine kinaangalia zimeanzia wapi, na kila kimoja kinasoma kilichoachwa na mwenzake na kuongeza chake. Siku hizi kazi hizo zinahamishiwa kwenye mfumo mpana zaidi, Key4hep, unaotumiwa pamoja na mipango mingine ya vigonganishi vijavyo.

Uzuri wa kuiga ni kwamba ukweli unao mkononi. Mgongano umeutengeneza wewe, unajua chembe zilikuwa ngapi na zilipita wapi. Basi unaisahihisha programu kama mwalimu anavyosahihisha mtihani: njia ngapi imezipata, ngapi imezikosa, na ngapi imezizua zisizokuwepo. Si kwamba wanakaa kwenye kompyuta tu. Hamburg, kwenye maabara ya DESY, pipa la mfano limewekwa ndani ya sumaku ya tesla 1 na kupitishiwa elektroni halisi, ili kuona kama namba zinasema kweli.

Sasa kiini cha kazi. Una nukta maelfu, na nyingi si za chembe unazozitafuta, kwa kuwa mafungu mawili ya elektroni na positroni yakipitana yanamwaga takataka nyingi za jozi ndogo ndogo kwenye tabaka za ndani. Nukta ipi ni ya nani? Njia inayotumika sana ilitolewa na Rudolf Kálmán mwaka 1960 kwa mambo mengine kabisa, na mwaka 1987 Rainer Frühwirth akaonyesha namna ya kuitumia kwa njia za chembe. Unaanza na nukta chache. Kutokana nazo unakisia njia itaikata tabaka ijayo mahali gani na, hili usilisahau, unakisia pia kosa lako linaweza kuwa kubwa kiasi gani. Unaangalia nukta iliyo karibu. Ikiwa ndani ya kosa ulilolitegemea, unaichukua na kurekebisha mstari. Ikiwa nje, unaikataa. Unasonga hadi mwisho, kisha unarudi kinyumenyume, ili nukta za mwanzo nazo zifaidike na ulichojifunza mbele.

Kwa nini nasisitiza kosa? Nikueleze kilichonipata mwaka wangu wa 11 wa kazi. Tulikuwa tunachimba galeri mbili zikutane. Kwenye njia panda moja dari lilikuwa na misumari miwili, wa zamani na mpya, ule wa zamani sentimita 4 kando ya mstari na sentimita 2 nyuma. Msaidizi alitundika timazi kwenye ule wa zamani, vumbi lilikuwa halijatulia, na mimi nikalenga nyuma, mita 20, kwenye timazi lile. Umbali nilioupata ulitofautiana na wa juzi yake kwa sentimita 2. Nilijua chombo changu hakikosei zaidi ya milimita 3. Nikaiona tofauti, nikasema ni uchovu, nikaandika. Hesabu ilikubali, mstari ulitoka laini kabisa, na kila nukta iliyofuata ilikuwa nzuri. Sentimita 4 kwa mita 20, baada ya mita 300 za kuchimba, ni sentimita 60. Na sentimita 60 ndizo tulizokosana siku ya kukutana. Watu walipasua ukuta wakakuta mwamba mahali ambapo wenzao walipaswa kuwa. Nakumbuka harufu ya baruti, na shefu wa zamu akinitazama bila kusema neno.

Nukta ya jirani inatoa njia laini yenye uongo ndani. Ulaini hauthibitishi chochote. Kitu pekee ambacho kingeniokoa ni kuheshimu zile milimita 3, na ndicho programu ile inachofanya kwa kila nukta, mamilioni ya mara, bila kuchoka na bila kujitetea.

Kuna hatua inayofuata ambayo nimewasomea wanafunzi wangu mara nyingi. Hata ukijenga kigunduzi vizuri, hujui kila kipande cha silikoni kimekaa wapi hadi maikromita. Hakuna wa kuingia na teodoliti, chombo chetu cha kusomea pembe. Wanachofanya ni kuzitumia njia zenyewe: ukikuta njia elfu nyingi zote zinapita maikromita 8 kushoto ya nukta za kipande fulani, kipande ndicho kilichosogea. Anayepimwa anampima mpimaji.

Kuhusu kuigusa: ndiyo, unaweza. Programu hizo ziko wazi, bure. Lakini usianze na mfumo mzima, utamaliza megabaiti na moyo. Mwaka 2018 kulikuwa na shindano la TrackML kwenye tovuti ya Kaggle, ambapo data za kuigiza zilitolewa kwa umma, karibu nukta 100,000 kwa tukio moja, na kazi ilikuwa moja tu: gawa nukta kwa chembe zake. Ni hali ngumu zaidi, ya migongano ya protoni, lakini kazi ni ile ile. Sampuli ndogo ipo. Ipakue mara moja, usiku, uiweke kwenye flashi, halafu fanya kazi bila intaneti.

Papa Topo, nauza samaki soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Kijana wangu anasoma ukurasa wako na sasa anasema atasoma hiyo fizikia. Itamlisha? Na kwa nini watu wamwage pesa kwenye vitu hivyo na sisi tunachota maji na madumu?

Mama, jambo na asante kwa kuandika. Swali la maji ni la haki na sitalifunika kwa maneno. Pesa za mashine hizo hazikutoka kwenye mfuko wa nchi yetu, na zikikosekana kule haziji kwenye bomba lako. Hilo ni jibu la mhasibu na najua halitoshi. Ninaloweza kusema kwa moyo wangu ni kwamba mtoto aliyejifunza kutofautisha kipimo na dhana yake atafaa popote, hata kwenye mradi wa maji.

Kuhusu kumlisha: kazi ya fizikia hiyo yenyewe hapa kwetu ni finyu sana, asidanganywe. Lakini anayeijua hesabu ya njia na programu zake anaajirika migodini, benki, kwenye kampuni za simu. Asomee digrii ya kwanza hapa, ashike hesabu na kompyuta kwa nguvu, kisha atafute nafasi kwenye Shule ya Fizikia ya Afrika, iliyofanyika mara ya kwanza mwaka 2010 Stellenbosch, Afrika Kusini, na ambayo huchukua wanafunzi kutoka bara zima. Mwambie pia aniandikie mwenyewe.

Mzee Topo, mimi ni mchimbaji. Madini yetu yamo humo?

Kwa jamaa, yamo. Mirija inayosukuma elektroni za ILC ni ya niobiamu safi, inapoozwa hadi digrii 271 chini ya sifuri. Niobiamu ni ndugu wa tantalamu, na wawili hao ndio wanaokaa pamoja ndani ya coltan ya wenzetu wa Kivu. Niobiamu nyingi ya dunia, hata hivyo, inatoka Brazil.

Zoezi. Hili ni la binti wa Katuba, na la yeyote anayelitaka. Chukua karatasi ya milimita, kila kipimo kimoja kiwe milimita 5, sifuri iwe kona ya kushoto chini. Weka nukta hizi, namba ya kwanza ni ya kwenda kulia: (7, 1), (16, 2), (15, 5), (25, 5), (33, 9), (20, 10), (39, 13), (30, 14), (24, 18). Chembe mbili zimetoka kwenye sifuri zikielekea kulia, kila moja imeacha nukta nne kwenye duara lake, na nukta moja ni takataka. Niambie ipi ni takataka, kila duara lina nusu-kipenyo gani, na chembe ya duara kubwa ina momentamu mara ngapi ya ile ya duara dogo. Usitumie bikari kabla ya kukisia kwa jicho. Andika na kosa ulilolitegemea.